Jina na Cheo: Farah Stesheni na Uvivu wa Uhakiki wa Kulaani

Watazamaji wa filamu ya Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kutolewa mwaka 1985, aghalabu hubaki na kumbukumbu tatu: ndege ndogo ikipaa juu ya nyika, mwanamke akioshwa nywele na mpenzi wake porini, na mwanamke huyo huyo akiagana na mtumishi wake stesheni. Kumbukumbu mbili za kwanza zimekwisha kuwa mali ya wauzaji wa safari za kitalii. Ya tatu ndiyo inayopaswa kuishughulisha taaluma ya fasihi, na ndiyo iliyoachwa bila kusomwa.

Onyesho lenyewe ni fupi. Karen Blixen, anayeigizwa na Meryl Streep, amefilisika. Shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong limeuzwa, Denys Finch Hatton amekufa katika ajali ya ndege, na garimoshi linangoja. Farah Aden, msimamizi wa nyumba yake kwa miaka yote hiyo, amesimama mbele yake. Karen anampa dira, kile chombo alichopewa zamani na Denys, na kumweleza kwamba kimemsaidia kuiona njia. Kisha anamwambia kwamba anataka kumsikia akilitamka jina lake. Farah anamtazama na kujibu kwa maneno machache: yeye ni Karen, Msabu. Jina linatamkwa, na papo hapo cheo kinalifuata. Garimoshi linaondoka.

Kuhusu jibu hilo wahakiki wamegawanyika katika makundi mawili, na makundi yote mawili yamekosea.

Kundi la kwanza ni la wapenzi wa filamu. Kwao, onyesho hili ni utenzi wa urafiki uliovuka mipaka ya rangi. Bibi na mtumishi wamepitia ukame, vita, maradhi na msiba. Mwishoni bibi anauvua ubibi wake na kuomba aitwe kama binadamu, na mtumishi, kwa machozi yaliyozuiwa, anamkubalia. Cheo kinachofuata jina huelezwa kuwa ni mazoea tu, ulimi uliokwisha kuzoea njia yake. Wasomaji wa aina hii huliona neno la kwanza la jibu na kulifumbia macho la pili.

Kundi la pili limekita mizizi katika idara za fasihi za Afrika Mashariki, na ndilo ambalo makala haya yanakusudia kupambana nalo zaidi, kwa kuwa kosa la mtu wa nyumbani huuma kuliko la jirani. Hoja ya kundi hili inajulikana. Kitabu cha Blixen cha mwaka 1937 ni kitabu cha mlowezi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikishambulia vikali katika Detained (1981), na tena katika insha iliyojumuishwa katika Moving the Centre (1993), akionyesha jinsi Mwafrika anavyosawiriwa humo kwa mfano wa mnyama afugwaye. Filamu iliyotokana na kitabu hicho, ikapewa tuzo saba za Oscar mwaka 1986, ni mwendelezo wa ubeberu kwa njia ya picha. Farah basi ni kibaraka, pambo la nyumba ya mkoloni. Hukumu imetolewa, faili imefungwa.

Hukumu hiyo ni ya haki. Kosa ni kufunga faili. Kulaani si kusoma. Mhakiki anayesema kwamba filamu imemnyima Mwafrika sauti, kisha akakataa kuyasikiliza maneno machache ambayo Mwafrika huyo ameyasema, amemnyima sauti mara ya pili. Tofauti kati yake na Pollack ni kwamba Pollack walau alimpa Farah dakika moja ya kusimama mbele ya kamera.

Yafaa kuanza na sarufi ya ombi. Karen haombi, anataka. Lugha ya Kiswahili inazitenganisha vizuri kauli hizi mbili. Anayeomba humwachia aombwaye nafasi ya kukataa; anayetaka keshaamua, na kilichobaki ni utekelezaji. Katika onyesho lililotungwa ili kuonyesha kwamba amri imekwisha, tendo la mwisho la Karen kwa Farah ni amri. Anamwamuru asimtii tena. Hapo ndipo mvutano uliofichika unapoanza, kwa sababu mtumishi aliyepewa amri ya aina hiyo hana jibu lililo salama. Akilitamka jina tupu, ametii, na usawa anaopewa ni kipawa cha bibi. Akikataa kulitamka, amemdhalilisha mwanamke anayeondoka bila chochote. Farah anafanya yote mawili. Anatoa jina kwa sababu limetakiwa, na anarudisha cheo kwa sababu hakikutakiwa. Sehemu ya kwanza ya jibu ni ya Karen. Ya pili ni ya Farah mwenyewe, na ndiyo pekee aliyoitoa kwa hiari katika mazungumzo hayo ya stesheni.

Mtu atasema kwamba neno moja la heshima haliwezi kubeba mzigo mkubwa hivyo. Lakini neno lenyewe si jepesi. Msabu ni mkato wa memsahib, na ndani ya memsahib limo neno la Kiarabu ambalo Waswahili wanalo kwa umbo la sahibu. Katika Kiarabu neno hilo hubeba maana mbili: mwenzi, na mwenye mali. Kiswahili kilichukua maana ya kwanza. Sahibu ni rafiki wa moyoni, na washairi wa pwani wamelitumia hivyo kwa karne nyingi. India ya Waingereza ilichukua maana ya pili, na neno likapanda meli kuja Afrika Mashariki likiwa limevaa kofia ya bwana. Kwa hiyo, katika neno hilo hilo moja ambalo Farah analirudisha, urafiki na umiliki vimekaa chumba kimoja. Haidhuru kama mwandishi wa mswada, Kurt Luedtke, alijua hilo au hakulijua. Msikilizaji wa Kiswahili analijua, na uhakiki unaoandikwa kwa Kiswahili hauna udhuru wa kutolisikia.

Jambo la pili ni historia ya majina katika koloni. Karen anaishi katika nchi ambayo jina la Mwafrika lilikuwa mali ya serikali. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa sheria hiyo, kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande: karatasi iliyoandikwa jina lake, alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, ikitiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri alilijua jina la mtumishi kwa sababu alilitia saini. Mtumishi hakulihitaji jina la mwajiri. Alihitaji cheo chake. Katika mfumo huo, kuitwa kwa jina ndiko kulikokuwa alama ya unyonge, na kuitwa kwa cheo alama ya mamlaka. Karen anapotaka kuitwa kwa jina, anadhani anashuka ngazi moja ili amfikie Farah. Hasemi neno lolote kuhusu ngazi yenyewe.

Farah naye hayumo katika mfumo huo kwa namna ambayo wahakiki wa kulaani hudhani. Yeye ni Msomali, na Wasomali wa Kenya ya wakati huo walikuwa na mgogoro wao mahususi na serikali kuhusu jinsi walivyopaswa kuitwa. Sheria ya mwaka 1919 iliwaondoa baadhi yao katika tafsiri ya kisheria ya neno mwenyeji, nao wakaendelea kuidai hadhi hiyo kwa miaka mingi baadaye. Historia hiyo ina uchungu wake, kwa kuwa anayekataa kuitwa mwenyeji huenda anawaachia wengine jina hilo pamoja na mzigo wake. Lakini inaonyesha kwamba mtu kama Farah hakuwa mgeni katika siasa ya majina. Kwake, kuitwa hivi au vile lilikuwa suala la kodi, la makazi na la sheria. Zaidi ya hayo, jina la Kisomali ni nasaba: Farah Aden ni Farah mwana wa Aden, na nyuma ya Aden wamepangana mababu. Mwanzoni mwa filamu, anapompokea Karen aliyewasili kutoka Ulaya, Farah anajitambulisha kwa jina hilo kamili bila kusukumwa na mtu. Filamu nzima imekaa kati ya majina mawili: moja lililotolewa kwa hiari na mtumishi siku ya kwanza, na jingine lililodaiwa na bibi siku ya mwisho.

Ikiwa msomaji bado ana shaka, na alitazame onyesho linalotangulia lile la stesheni. Nyumba inahamwa, vitu vinafungwa. Karen anamkumbusha Farah jinsi ilivyokuwa safarini, alipokuwa akimtuma atangulie kutafuta mahali pa kupiga kambi. Farah alikuwa akiwasha moto, na Karen akiufuata. Sasa, anasema Karen, itakuwa kinyume: yeye ndiye atakayetangulia na kungoja. Farah anauliza kama ni mbali aendako. Ni mbali. Basi, anasema Farah, sharti auwashe moto mkubwa sana ili apate kumwona.

Watazamaji hulia hapa, na hawana kosa. Lakini mhakiki analipwa ili aone kupitia machozi. Kila mmoja kati ya wawili hao anajua kwamba hakuna moto utakaowashwa. Farah hataitwa Denmark. Ahadi ya Karen ni hadithi ya kumtuliza mtoto, na Farah anaipokea kama mtu mzima anavyopokea uongo wa heshima: anamwekea masharti. Kama ni kweli utatangulia, basi fanya kazi ya mtangulizi sawasawa. Katika mazungumzo hayo, amri inatoka kwa Farah. Yeye ndiye fundi wa safari, naye anampa mwanafunzi wake maagizo. Ndiyo maana stesheni ni lazima Karen airudishe amri mikononi mwake. Maonyesho mawili yanayofuatana yanashindania swali moja: ni nani anayemwambia mwenzake la kufanya? Anayeyatazama kama machozi mfululizo hauoni ushindani huo.

Hata dira inaingia katika ushindani huo. Karen anatoa zawadi ya kitu akipendacho, na hakuna sababu ya kuutilia shaka upendo huo. Hata hivyo, anampa dira mtu ambaye kwa miaka yote hiyo alitangulia mbele yake akiijua njia. Chombo kilichomsaidia mgeni asipotee kinakabidhiwa mwenyeji wa njia kama kwamba yeye ndiye atakayepotea. Zawadi inatangulia, kisha dai la jina linafuata. Wahenga walikwisha kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Huu haukuja mtupu.

Hapa ndipo kitabu kinapoweza kusaidia, na ndipo uhakiki wa kulaani unapojidhuru kwa kukidharau. Katika kurasa za mwisho za kitabu cha Blixen, Farah habaki stesheni ya kuagania. Yumo safarini. Garimoshi linaposimama stesheni ya Samburu ili liongezwe maji, mwandishi anashuka na kutembea naye jukwaani, na kutoka hapo anaviona vilima vya Ngong kwa mara ya mwisho. Dai la jina halimo. Dira haimo. Kitabu, pamoja na maradhi yake yote ya kilowezi, kinawaacha watu wawili wakitembea pamoja bila kudaiana kitu. Filamu ya miaka 48 baadaye, iliyotengenezwa katika zama zilizojiona zimeushinda ukoloni, ndiyo iliyoona haja ya kumsimamisha Farah na kumtoa neno kinywani.

Kwa nini? Kwa sababu mtazamaji wa mwaka 1985 hangeweza tena kuuvumilia ubibi wa Karen bila kuuombea msamaha. Filamu ilihitaji cheti cha kusafishwa, na cheti hicho kilipaswa kutiwa saini na Mwafrika. Mbinu hii imetandazwa katika kazi nzima. Mapema Karen anamvisha mtumishi wake Juma glavu nyeupe za mezani; karibu na mwisho anamvua. Mkono uliovisha ndio uliovua, na mikono ya Juma haikuulizwa mara zote mbili. Vivyo hivyo, suala la ardhi ya Wagĩkũyũ waliokaa shambani linageuzwa kuwa suala la wema wa mwanamke mmoja anayempigia gavana magoti. Wenye ardhi hawapigi magoti wala hawasimami, wanasubiri matokeo. Wala hawapewi neno katika mazungumzo ya stesheni. Penye urembo ndipo penye urimbo: uzuri wa picha za machweo ndio gundi inayomnasa mtazamaji asiulize wako wapi.

Msamaha huo unaombwa kwa Farah, na jibu lake ndilo linaloharibu mpango. Cheti kinatiwa saini, lakini pembeni mwake pana muhuri wa pili unaokibatilisha. Malick Bowens, mwigizaji mzaliwa wa Mali, anaitamka kauli hiyo kwa utulivu usiomruhusu mtazamaji aliye makini kuamua kama ni upendo au ni mlango unaofungwa taratibu. Ni kweli kwamba kumtwika mtu wa Mali sura ya Msomali ni ushahidi wa filamu iliyoiona Afrika kuwa nchi moja. Lakini mwigizaji aliyeingizwa kwa mlango usio wake bado anaweza kufanya kazi ndani ya nyumba, na kazi aliyoifanya Bowens inastahili kutazamwa.

Ipo hoja moja ya upinzani yenye uzito. Itasemwa kwamba usomaji huu unafuata mtindo wa kumtafutia kila mtumishi uasi wa siri, hata pale asipoasi, ili mhakiki apate kujipongeza. Itaongezwa kwamba katika mila nyingi za Afrika Mashariki mtu mzima haitwi kwa jina lake tupu. Huitwa mama fulani, bibi, bwana, mzee. Kwa msingi huo, Farah anafuata adabu tu, na mhakiki anayeona siasa katika adabu ni mgonjwa wa siasa.

Hoja hiyo inajibika kwa kukubali nusu yake. Naam, ni adabu. Farah si mwasi, na kumfanya mwasi ni kumnyima tena utu wake kwa kumvisha nguo ya shujaa isiyomkaa. Lakini adabu ni ya nani? Karen analeta stesheni adabu ya Ulaya, ambamo ukaribu huthibitishwa kwa kuondoa vyeo na kubakiza jina. Farah anasimama juu ya adabu nyingine, ambamo ukaribu hauvunji heshima, na ambamo anayevua vyeo vya wengine kwa amri hajui anachofanya. Karen anaomba waagane kwa kanuni zake. Farah anakubali nusu na kuiagia nusu nyingine kwa kanuni zake yeye. Huo si uasi wala si utiifu. Ni mtu kuubakisha mpaka wake, akijua kwamba baada ya garimoshi kuondoka yeye ndiye atakayebaki katika nchi ambayo vyeo bado vina polisi. Karen anaweza kuuacha ubibi jukwaani kama sanduku asilolihitaji. Farah hawezi kuuacha utumishi hapo hapo, kwa sababu hakuna garimoshi lililokuja kumchukua yeye.

Blixen aliondoka mwaka 1931 na hakurudi Afrika hadi alipofariki mwaka 1962. Nyumba yake ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja tu baada ya filamu. Mtaa uliochipuka juu ya shamba hilo unaitwa Karen, jina ambalo watu wengi hulihusisha naye. Kila asubuhi makondakta wa matatu za Nairobi hulipaza bila kuamriwa na mtu, wala hawaongezi cheo. Hakuna mtaa mkubwa wa jiji hilo uitwao Farah Aden. Kwa hiyo ushindani wa stesheni haukuishia stesheni. Jina lililodaiwa lilipatikana, tena kwa wingi, na lile lililotolewa kwa hiari likasahauliwa.

Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo kwa idara za fasihi. Mwanafunzi wa uzamili anayefundishwa kwamba kazi ya kibeberu haina la kusomwa ila kosa lake, hutoka darasani na hukumu tayari mfukoni, naye huitoa kila anapoona mtumishi mweusi nyuma ya kiti cha mzungu. Anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu kunyamazishwa kwa Mwafrika bila kunukuu neno lolote lililosemwa na Mwafrika yeyote ndani ya kazi anayoihakiki. Huo si upinzani dhidi ya ubeberu. Ni ubeberu uliopata msaidizi asiyelipwa. Ngũgĩ mwenyewe, aliyefariki mwaka 2025, alikisoma kitabu cha Blixen mstari kwa mstari kabla ya kukihukumu. Wanafunzi wake wamerithi hukumu na kuuacha usomaji.

Filamu ya Pollack na ilaumiwe, maana inastahili. Lakini mwenye kuilaumu na asimame kwanza pale jukwaani, kando ya Farah, na alisikie jibu lake hadi neno la mwisho.